Sanduku Litabaki Chini ya Kitanda

Elisabethville, Jumamosi, saa nane mchana

Mama Numbi, mwanangu,

Barua hii nitaiweka juu ya mfuko wako, uikute ukirudi. Isome leo, hapa nyumbani, si ndani ya treni. Mwishoni kuna jambo dogo nakuomba ulifanye kabla hujatoka mlangoni kesho asubuhi, na ukiisomea njiani litakuwa limekwisha kutupita sote wawili.

Nyumba ni tupu. Mama yako na shangazi zako wamekwenda misheni kumwomba padri misa ya safari yako, na wewe uko hospitali unawaaga wenzako wa chumba cha wazazi. Ningeweza kuandika kwa utulivu, lakini siwezi. Kila nikimaliza mistari miwili nainuka, naingia chumbani, nalitazama sanduku, nautazama mfuko, narudi mezani nakuta wino umekauka kwenye ncha ya kalamu. Nimefunga dirisha kwa ajili ya moshi wa kiwandani, nikalifungua kwa ajili ya joto, nikalifunga tena. Mtu wa umri wangu alipaswa kujua mahali pa kukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sitakuandikia juu ya kusali, wala kula vizuri, wala kuwatii masere, wale watawa wa misheni. Hayo mama yako amekuambia wiki nzima, na kesho atakuambia tena mpaka filimbi ya treni imkate maneno. Mimi nataka kukuandikia juu ya uzito.

Unakumbuka Masere Agata alivyokaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, akaogopa kujisogeza, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata:

"Kila muntu mufuko moja. Moja tu. Ule anaweza kubeba yeye mwenyewe saa mbili kwa miguu. Boti ya Bukama iko ndogo. Iko nafasi ya bantu. Bintu bya kuzidi bitabakia Bukama kungojea boti ingine, na mwenye bintu atabakia nabyo."

Akatuambia na mengine: kwamba baada ya mto na ziwa mtapanda lori mpaka barabara iishe, kisha mtapanda milima ya Urundi kwa miguu, na wapagazi watabeba masanduku ya dawa na vyuma vya vitanda, si nguo zenu. Kwamba nyumba ya kuzalishia bado haina mlango, lakini wanawake wa milimani wameanza kuja kuuliza kama mkunga amefika. Wewe ulikuwa unamsikiliza huku umeinama mbele kama mtu aliyekwisha kuvaa viatu.

Mama yako alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, akarudi akafunga mlango.

"Mufuko moja!" akasema. "Mutoto wangu anaenda kutumika bure mwaka muzima, kwa bantu hatubajue, na banataka afike kama mukimbizi. Batasema nini? Batasema hana kwabo?"

Kesho yake sanduku la bati liliingia nyumbani, la buluu, lenye ua jekundu limechorwa kwenye kifuniko. Tangu siku hiyo halijaacha kula. Leo asubuhi nimelifungua. Nimekuta bikwembe vinane vya kujifunga, sahani sita za maua, mabeseni mawili moja ndani ya lingine, pasi ya makaa, kioo, viatu vya Misa, chupa mbili za mawese, sukari, na mto uliotariziwa na shangazi yako Ida, ambao hata kichwa cha mtoto hakiwezi kuulalia kwa sababu ya shanga zake. Nimelinyanyua upande mmoja. Nimelirudisha chini.

Jumatano ulinikuta bombani ukaniambia, kwa sauti ya chini: "Baba, mi siwezi kugombana na mama siku za mwisho. Sanduku ikienda gare, nitaenda nayo." Nikakujibu: "Tutaona." Ulinitazama kidogo, ukachukua ndoo yako ukaenda. Nadhani ulijua. Hilo "tutaona" ni shimo ninalojifichia tangu nilipokuwa kijana, na leo mchana nimechoka nalo.

Sanduku haliendi gare kupanda treni, mama. Nitakueleza sababu, na hakuna mtu mwingine niliyepata kumweleza.

Unajua nilivyofika mji huu, kwa sehemu. Sikuja kwa kupenda. Mtu wa kuandika wafanyakazi alifika kwa chifu wetu kule kaskazini, chifu akanyosha kidole mara tisa, mara moja kidole kikanisimamia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba hivi. Asubuhi tuliyoondoka tulipangwa mstari, na mama yangu, huyo ambaye wewe una jina lake, akaja anakimbia kutoka nyumbani. Mkono mmoja ameshika kuku, mkono mwingine kikapu cha unga, na kisu chake cha jikoni amekibana kwapani. Alipofika kwangu akanitazama, akatazama njia, akaweka kuku chini, akaweka kikapu chini, akanipa kisu kimefungwa kwa jani la mgomba. "Hiki hakina uzito," akasema. Kuku alikimbia, watu wakaanza kumfukuza, na katika vurugu hiyo mstari wetu ukaondoka.

Kwa miaka mingi niliona haya kwa ajili ya kisu kile. Wenzangu walipewa nyama kavu, karanga, mikeka. Mimi niliona nimepewa kile kilichopatikana. Ilinichukua nusu ya maisha kuelewa kwamba alikuwa na vitu vitatu mikononi, na alichagua.

Hapa mjini nilianzia kwenye tanuru, na baadaye, nilipokuwa nimejifunza kusoma kwenye darasa la jioni la misheni, wakaniweka kwenye magazini, ghala la vyombo vya kazi. Huko ndiko ulikonijua wewe, nyuma ya meza ndefu, na ukuta wa misumari nyuma yangu. Ulikuwa ukija na chakula changu unasimama unahesabu nyundo. Kila mfanyakazi ana kipande chake cha shaba chenye namba. Akichukua koleo, anaacha kipande chake kwenye msumari ambapo koleo lilitundikwa. Jioni nilikuwa sihitaji kuuliza mtu. Nautazama ukuta: hapa chombo, hapa kipande, hapa chombo. Msumari wenye kipande haunisumbui, najua chombo kiko wapi na kiko mkononi mwa nani. Usumbufu ni ule msumari mtupu kabisa.

Pale mezani nimejifunza kuwatambua wageni wa kazi kwa maombi yao. Mgeni anaomba kila kitu. "Nipe na hii. Na ile ya juu. Na ile kubwa." Siku moja kijana mmoja mpya alikuwa amejaza mikono namna hiyo, na nyuma yake amesimama mzee wa tanuru tuliyemwita Kaseya, ameshika nyundo moja na msasa.

"We mutoto," Kaseya akamwambia, "unakuja kutumika ao unaoa?"

Watu wote wa mstari walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa najikumbuka nimesimama Bukama.

Nimetoka nje kidogo. Nimerudi. Sasa niandike.

Nilikuwa nimemaliza miaka mitano hapa nilipopata barua iliyoandikwa na mkatekista wa kwetu. Mistari mitatu: "Mama yako ni mgonjwa, anakuuliza, njoo." Siku hiyo hiyo msimamizi wangu alinipa ruhusa. Treni ilikuwa inaondoka keshokutwa yake. Sikupanda. Nilipanda baada ya wiki tano.

Wewe umezaliwa hapa, hukuiona desturi ile ilivyokuwa. Mtu wa kaskazini akirudi kutoka kwenye shaba alikuwa haingii nyumbani tu. Sanduku lake linawekwa katikati ya uwanja, ndugu wote wanakusanyika, linafunguliwa mbele yao, na kila kitu kinatolewa kinainuliwa juu, kitambaa kwa kitambaa, kila mtu akione. Wanaita majina: hiki cha nani? Hiki cha shangazi. Hiki cha nani? Mwenye sanduku dogo walikuwa wakimwimbia wimbo wa kumcheka mpaka anarudi mjini. Mama yako anajua hayo vizuri. Sanduku lake la uchumba lilifunguliwa namna hiyo, na shangazi mmoja akatamka kwa sauti kwamba kioo kina ufa. Mpaka leo anakumbuka ule ufa. Kwa hiyo usimwone mama yako kuwa mtu wa majivuno. Anakukinga na uwanja ambao haupo tena.

Mimi nilikuwa na nusu ya sanduku tu. Nikasema, nikingoja mshahara mmoja zaidi nitapata mabeseni. Nikapata mabeseni, nikaona taa haipo. Nikajiambia mgonjwa atafurahi zaidi akiona nimefanikiwa. Hayo niliyaamini kabisa, mama. Nilikuwa nalala nikijiona nimeinua beseni jeupe juu uwanjani, na mama yangu amekaa kwenye kiti anacheka.

Nilifika Bukama, pale mtu anaposhuka treni na kupanda boti ya mto, sanduku limejaa hata likafungwa kwa kamba. Boti ilikuwa tayari kuondoka, imejaa watu na magunia. Baharia aliyesimama kwenye ubao wa kupandia alinitazama, akalitazama sanduku.

"We kijana, ingia. Sanduku itabakia. Boti ingine itaileta."

"Siwezi kuacha sanduku yangu."

"Ingia, minakuambia! Tunaenda."

"Mama yangu ni mgonjwa," nikamwambia, "siwezi kufika mikono mitupu."

"Basi bakia nayo. Ao hii sanduku njo mama yako?"

Boti nzima ilicheka. Nikaona aibu, na kwa sababu ya aibu nikakaa juu ya sanduku, nikageuza uso, nikawaacha waondoe ubao. Nilisikia maji yakipigwa nyuma yangu na sikugeuka. Nilikaa Bukama siku tisa. Mchana nililikalia, na wakati wa kulala nilijifunga kamba yake mkononi.

Boti niliyoikataa ilifika kwetu Kibula siku ya tatu. Mama yangu alifariki siku ya sita. Mimi nilifika siku ya kumi na mbili.

Wewe na ndugu zako nimewasimulia kwamba nilimkuta bado anapumua, kwamba alinishika mkono, akaniambia niwaite watoto wangu kwa jina lake. Mama yako pia nilimsimulia hivyo, kabla hatujaoana. Mama yangu hakunishika mkono. Nilikuta udongo ambao mvua imekwisha kuupiga. Jina lake nilikupa mimi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na ndiyo maana tangu ukiwa mtoto mchanga sikuwahi kukuita Veronika. Ni wewe niliyeweza kumwita mama.

Na sanduku walilifungua. Ilikuwa matanga, lakini desturi ni desturi. Walitoa kitu kimoja kimoja, wakasifu mabeseni, wakasifu taa. Mama yangu mdogo, mdogo wake wa mwisho, alipewa beseni jeupe. Alilishika, akaligeuza, akalirudisha miguuni pangu.

"Alikuwa anauliza weye," akasema. "Kila siku. Hakuuliza beseni."

Nilirudi mjini kwa boti ya kwanza. Sijarudi Kibula tena. Watu hapa wanaponiuliza kwetu ni wapi, naona naitaja kama mtu anayetaja mji aliousoma kitabuni. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, vya mapadri na vya gazeti la misheni, na nadhani nilikuwa natafuta mahali ambapo mwingine amefanya kosa hili akalieleza vizuri kuliko mimi. Sikupata. Watu wanaandika juu ya waliokosa kwa chuki na kwa tamaa. Mimi nilikosa kwa mabeseni.

Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza siku ile Masere Agata alipotaja Bukama. Ulidhani sitaki uende. Kwa kweli nilikuwa nakuona umekaa juu ya sanduku la buluu, baharia anakuita, na wewe unamfikiria mama yako. Na huko milimani mwanamke amekuja mara ya pili kuuliza.

Basi leo asubuhi, ulipotoka, niliutengeneza mfuko. Nimetumia ule ule wa turubai uliokwisha kuuchagua, niliopewa magazini ulipopitwa na wakati. Wa kwanza nilioufunga ulikuwa mzuri kuutazama. Nikauweka begani, nikatoka nao mpaka bombani na kurudi, kwa sababu mzigo unaounyanyua nyumbani si mzigo unaoubeba. Pius mwashi alikuwa amekaa mlangoni kwake na mke wake.

"Baba Vero! Bibi amekufukuza?"

"Bado."

"Sasa unaenda wapi na mufuko?"

"Bombani."

"Bombani! Sikia, mama. Bantu banabeba ndoo, yee anabeba nguo."

Mke wake alicheka mpaka akashika mlango. Nikaingia ndani, nikatoa viatu vya Misa na triko ya pili ya baridi, nikatoka tena. Safari hii nilikwenda mpaka reli.

"Amerudi!" Pius akaita. "Bamekukataa kule?"

Mara ya tatu hakucheka. Alinifuata, akauchukua mfuko begani pangu, akaupima, akaupitisha bega hili na lile kama mtu anayepima tofali. "Uzito iko muzuri," akasema. "Lakini huu mukanda utamukata Vero bega." Akaingia kwake, akatoka na mshipi wa ngozi wa suruali yake ya kazi, akakaa chini akaushona badala ya kamba. Ukimkuta kesho ameshika suruali kwa mkono gare, ujue ni kwa sababu hiyo. Usimshukuru sana, ataona haya.

Nimekuwekea nguo mbili za kazi, si tatu: moja iko mwilini, moja inakauka. Triko moja, ile nene mbaya ya kijivu, kwa sababu Masere alisema kule milimani asubuhi mtu anaona pumzi yake. Kikwembe kimoja, cha rangi nyeusi. Nilishika vyote vinane nikajiuliza kila kimoja kinaweza kufanya kazi ngapi, na hicho kilishinda: utajifunika, utabebea mtoto wa watu, utafunga mlangoni mpaka mlango uje. Viatu ni vyako vya zamani. Najua vipya ni vizuri zaidi, lakini nimeona wanaume wakubwa wakilia kwa viatu vipya katika wiki ya kwanza ya kazi. Vipya vinakungoja hapa.

Kikombe kimoja cha bati, ndani yake nimetia sabuni, na ndani ya sabuni, kwenye shimo nililochonga, sindano na uzi umezungushiwa karatasi ya mafuta. Kiberiti kimo ndani ya kopo la kinini, nimelifunga kwa nta. Kalamu ya risasi, si ya wino, kwa sababu wino humwagika na mvua huufuta, na utakuwa unaandika majina ya watoto. Mkasi wako wa hospitali nimeuacha pale pale ulipouweka wewe, kwenye mfuko wa pembeni, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Kitu hicho tu ulikuwa umekipakia mwenyewe wiki nzima. Hapo ndipo nilipojua unajua kazi yako, na kwamba mimi na mama yako tulikuwa tunapakia kazi zetu.

Maana kuna kitu mimi pia nilikitia. Lazima nikiri. Boti yako itapita Kibula. Husimama pale kupakia kuni, nusu saa, pengine zaidi. Nilinunua kikombe cheupe cha kuweka kaburini, kama wanavyofanya kwetu, nikakizungushia karatasi, nikakitia chini kabisa ya mfuko ambapo hungekiona mpaka ufike njiani. Nilikuwa nimeandika na maelezo: toka ufukweni, pita njia ya kushoto, uliza ukoo wa fulani, kaburi liko nyuma ya nyumba. Nimekitoa. Nikakirudisha. Nikaandika aya hii, nikakitoa tena.

Hakiendi. Kikombe chenyewe ni chepesi, mama, kwa hiyo nisijidanganye kwamba tatizo ni mizani. Ungeshuka, ungetafuta njia, ndugu wangetoka wangekushika mikono, wangelia, wangechinja, na boti ingepiga honi. Ningekuwa nimekukalisha Bukama ya pili. Kwa hiyo sikutumi. Usishuke Kibula. Ukipenda, simama upande wa kushoto wa boti, na ukiona magogo ya kuni yamepangwa na nyuma yake njia inapanda kwenye udongo mwekundu, ni pale. Ukiwa umelala, lala. Kikombe hiki ni cha mimi kukipeleka, nami sasa nimeacha kazi, sina msimamizi wa kumwomba ruhusa wala mabeseni ya kungojea. Nimesema hivyo kwa maandishi, ili unishtaki nisipokwenda.

Kuna jambo moja katika safari yako silielewi vizuri, nami sitajifanya ninalielewa. Mimi nilinyoshewa kidole. Wewe ulinyosha mkono. Pius aliniuliza juzi: "Kazi bila mushahara, na hakuna muntu anamulazimisha? Vero iko na akili yote?" Nikamwambia nadhani anayo. Lakini nilirudi ndani nikafikiri sana. Katika maisha yangu sijakwenda mahali popote nilipopachagua, isipokuwa pale nilipochagua kukaa juu ya sanduku. Sina ushauri kwa mtu anayekwenda kwa hiari. Labda wewe utaniandikia.

Nasikia sauti barabarani. Si wao bado.

Wakifika, mama yako ataingia chumbani kwanza. Atakuta bikwembe saba vimekunjwa kitandani kwake, sahani kabatini, mto wa Ida kwenye kiti, na sanduku tupu limesukumwa chini ya kitanda. Ataniita kwa jina langu kamili. Hapo nitamwambia habari ya Bukama, yote, na ya mkono ambao haukunishika. Naogopa hilo kuliko nilivyoogopa tanuru. Ukirudi umkute ananilaumu, usinitetee. Ukimkuta amenyamaza, kaa naye. Akitaka kuongeza kitu kimoja kwenye mfuko, kimoja tu, mwachie. Nimebakiza nafasi ya kitu kimoja juu, upana wa viganja viwili, kwa ajili yake. Atachagua vizuri akijua kwamba ni kimoja.

Na mimi changu kimoja ni kisu. Kile kilichotundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni tangu kabla hujazaliwa, ulichokatazwa kukigusa. Kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama jani la muhindi, lakini kinakata kamba, kinakata muhogo, kinachonga kijiti. Mpini nimeubadilisha mara mbili. Kimefungwa kwa ngozi, kando ya mkasi wako. Aliyenipa alisema hakina uzito, nami nimekipima leo na tena leo, na alisema kweli.

Basi ombi langu ndilo hili. Nimekitoa kisu, na msumari uko mtupu. Nimepita pale mara nne tangu nianze kuandika, na kila mara jicho langu la magazini linashtuka. Kesho kabla hujatoka, tundika pale kitu chako. Sichagui mimi. Utepe wa nywele, ufunguo wa sanduku la buluu, chochote. Sikiweki rehani, wala si cha kukuvuta urudi upesi. Ni ili nikipita, nijue kilichotoka kiko mkononi mwa nani, na kiko kazini.

Nitakubebea mfuko mpaka gare, halafu nitakupa uubebe mwenyewe kutoka lango mpaka behewa, nikuone unavyotembea nao. Kisha nitarudi na mama yako na Pius na suruali yake. Nikifika nyumbani nitapitia mlango wa jikoni. Nitautazama msumari, ndipo nitavua kofia.

Baba yako